Mgonjwa, Jamaa na Wasia: Fasihi ya Kitandani Nyeri na Miji ya Mlima Kenya

Mtu anayehudhuria mazishi Nyeri, Karatina, Othaya, Nanyuki au Chuka hupewa kijitabu. Jaladani pana picha ya marehemu. Ndani mna ratiba ya ibada, nyimbo, na wasifu unaoanzia kuzaliwa, ukapitia ubatizo, shule, ndoa, kazi na watoto, hadi ukafikia sentensi ambayo familia nyingi huiandika kwa namna moja: marehemu aliaga dunia baada ya kuugua kwa muda mrefu. Maneno hayo sita ya mwisho yanastahili kuhakikiwa. Muda huo mrefu huenda ulikuwa miezi minane, huenda ulikuwa miaka miwili. Ndani yake mna safari za Nairobi kutafuta matibabu ya mionzi, ambayo kwa miaka mingi hospitali za umma hazikuwa nayo kwingine nchini. Mna ng'ombe aliyeuzwa. Mna binti aliyeacha kibarua akarudi nyumbani kumwuguza mama. Mna usiku ambao hakuna aliyelala. Wasifu uliotenga aya nzima kwa shule ya msingi ya marehemu hauna hata mstari wa ziada kwa kipindi hiki.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ufupisho huo si ila ya kijitabu cha mazishi peke yake. Riwaya ya Kiswahili, na hata riwaya zilizoandikwa kwa lugha nyingine na watu wa eneo la Mlima Kenya, zimezoea kifo lakini hazijazoea kufa. Kifo ni tukio: hutokea, hulia watu, huzaa kisasi au urithi, na msuko ukasonga mbele. Kufa ni kipindi, na kipindi hicho kina wahusika wake, mandhari yake na usemi wake. Usemi huo ndio wasia. Inadaiwa hapa kwamba wasia ni utanzu ulio hai, kwamba sharti lake la kwanza ni mgonjwa kujua kuwa anakufa, na kwamba hospisi, taasisi ambayo wahakiki wa fasihi hawajaitupia jicho, imeingia katika nyumba za Nyeri na kuligusa sharti hilo hasa.

Kifo bila kufa

Si vigumu kuorodhesha vifo katika riwaya ya Kiswahili. Rosa wa Rosa Mistika (1971) hujiua. Kazimoto wa Kichwamaji (1974) hujiua. Katika Kaburi bila Msalaba (1969), riwaya ya P. M. Kareithi juu ya vita vya Mau Mau, kifo ni cha msituni na cha bunduki, na jina la kitabu latosha kumweleza msomaji kwamba hata mazishi yamekosekana, sembuse uuguzi. Ushairi nao una mruko wa aina yake. Al-Inkishafi huuonyesha moyo magofu ya Pate na giza la kaburi. Kitanda kilicho kati ya jumba na kaburi hakipewi nafasi. Shaaban Robert alimlilia mkewe katika shairi la "Amina", lakini shairi hilo huanza pale ambapo Amina ameshatangulia.

Ubaguzi upo, na wenye uzito zaidi kwa mada hii umo katika riwaya mbili za mwanzo za Ngũgĩ wa Thiong'o (1938–2025). Ijapokuwa ziliandikwa kwa Kiingereza, wasomaji wa Kiswahili wamezisoma kwa tafsiri, na jamii inayosawiriwa ni ya Wagikuyu. Katika The River Between (1965), Muthoni anaugua jeraha la tohara katika nyumba ya shangazi yake Kameno. Nduguye Nyambura anamzuru kwa siri. Baadaye Waiyaki na vijana wenziwe wanambeba hadi hospitali ya misheni ya Siriana, naye anafia huko. Kabla ya kufa anamwachia Waiyaki maneno ya kumfikishia Nyambura, kwamba anamwona Yesu na kwamba yeye sasa ni mwanamke kwa mila za watu wake. Wahakiki wengi wamelisoma tamko hilo kama muhtasari wa mgogoro wa dini na mila, na usomaji huo hauna kosa. Hata hivyo, kimuundo tamko hilo ni wasia: lina msemaji anayejua kwamba anakufa, lina mjumbe, lina mrithi. Tena ndilo linalomleta Waiyaki kwa Nyambura, yaani sehemu kubwa ya msuko unaofuata ni utekelezaji wa safari ya maneno ya mgonjwa. Baba yake, Joshua, ambaye alimkana, hakuachiwa neno.

Kifo cha Ngotho katika Weep Not, Child (1964) ni kizito zaidi. Mzee ameteswa na wakoloni hadi mwili ukaharibika, akarudishwa kwake afie huko. Wake zake Njeri na Nyokabi wapo, Njoroge yupo. Usiku Boro anaingia kutoka msituni, anapiga magoti, anaomba msamaha, naye baba anampa baraka. Hapa pana karibu kila kitu ambacho muuguzi wa hospisi wa leo angetamani kukiona: mgonjwa yuko nyumbani, jamaa wamemzunguka, mwana aliyekosana na baba amefika kabla ya roho kutoka. Kinachokosekana ni nafuu ya maumivu, na pia kazi yenyewe ya uuguzi. Mwandishi hakawii juu ya kumwosha mgonjwa, kumgeuza na kumlisha. Njeri na Nyokabi wamekaa. Kuna kosa la kisanaa hapa? Yamkini hapana, kwa kuwa shabaha ya Ngũgĩ ni uhusiano wa baba na wana katika taifa linalozaliwa kwa damu. Lakini athari yake ni kwamba wanawake wawili waliobeba kipindi kizima cha kufa wamekuwa mandhari ya mazungumzo ya wanaume wawili.

Mama aliyemwita bintiye

Inashangaza kwamba fasihi yenye upungufu huu ndiyo hiyo hiyo iliyo na Utendi wa Mwana Kupona. Utendi huo ulitungwa mwaka 1858, na mtunzi wake, mjane wa mtawala wa Siyu aliyejulikana kama Bwana Mataka, alifariki miaka michache tu baadaye. Mwanzoni mwa utendi, mama anamwita bintiye asogee karibu, alete wino na karatasi, kisha anampa sababu: ugonjwa umemshika kwa mwaka mzima, na muda wote huo hakupata wasaa wa kumwambia neno jema. Mwishoni anarejea kwenye maradhi yake na kumwomba Mola amponye, awalinde watoto na jamaa.

Uhakiki wa utendi huu umetawaliwa na beti za katikati, zile zinazomfunza binti namna ya kumtii na kumtumikia mume. Alice Werner na William Hichens walipoutoa mwaka 1934 waliupa jina la Kiingereza linaloutangaza kuwa nasaha juu ya wajibu wa mke, na tangu hapo mjadala umekuwa huo: je, Mwana Kupona anautetea utawala wa wanaume, au anamfundisha bintiye mbinu za kuishi ndani yake? Ni mjadala wenye maana, lakini umekilipia kitanda gharama kubwa. Shairi la mgonjwa wa mwaka mzima limegeuzwa mwongozo wa unyumba. Msomaji akianza na maradhi, hata zile beti za katikati hubadilika sura. Mama anayemweleza bintiye jinsi ya kumfanya mume aondoke radhi naye ni mama ambaye mwenyewe ameshafiwa na mume, na ambaye anajua kwamba muda si mrefu binti huyo atabaki bila mtetezi. Hofu hiyo ndiyo inayompa mtunzi haraka yake, na haraka hiyo inasikika katika amri za mwanzo: njoo, keti, lete, andika.

Kwa ajili ya hoja ya makala haya, mambo mawili yanafaa kushikwa. Kwanza, Mwana Kupona anajua. Hakuna mtu nyumbani aliyemficha hali yake, na kama yupo, hakufua dafu. Pili, akili yake ni timamu, na maumivu yamempa nafasi ya kutunga beti zaidi ya mia kwa vina na mizani. Tukio la Utendi wa Kutawafu Nabii, ambamo Mtume akiwa mgonjwa anawaita watu ili mwenye haki yake aidai kabla hajaondoka, lina masharti hayo hayo mawili. Pasipo ujuzi na utulivu hapana wasia.

Kirumi na nguvu ya neno

Kutoka Siyu hadi Nyeri ni mbali, na haifai kuichukulia pwani kama mama wa kila desturi ya bara. Wagikuyu walikuwa na utanzu wao. Mzee aliyehisi siku zake zimekaribia aliwaita wanawe, akagawa mali, akabariki, na alipoona haja akaweka kirumi, yaani katazo la mtu anayekufa. Kama alisema kipande fulani cha ardhi kisiuzwe, aliyekiuza alijitakia thahu, unajisi wenye madhara kwake na kwa kizazi chake. Kirumi kilikuwa sheria, na kilikuwa usemi wa sanaa pia, kwa maana kilitolewa mbele ya hadhira maalumu, kwa lugha iliyopimwa, na kilihifadhiwa kwa kumbukumbu.

Thahu hiyo hiyo ilikuwa na upande mwingine. Nyumba iliyofiwa ilihesabiwa kuwa imetiwa unajisi. Kwa hiyo desturi ya kabla ya ukoloni ilikuwa kumtoa nje mgonjwa aliye mahututi, asifie ndani. Kuzikwa ilikuwa heshima ya wachache, hasa wazee wenye mali na uzao. Misheni na serikali ya kikoloni ziliisukuma desturi hiyo pembeni. Mtu anayesema kwamba Mwafrika tangu jadi hufia nyumbani mikononi mwa jamaa zake, kama inavyosemwa mara nyingi katika hotuba za ufunguzi wa semina, anafaa kukumbushwa jambo hili. Kumwuguza mgonjwa hadi pumzi ya mwisho katika chumba chake mwenyewe ni desturi changa kidogo katika miinuko ya Nyeri, nayo ilipaswa kubuniwa.

Sheria ya Kenya imeutambua usemi huu kwa njia ambayo mwanafunzi wa fasihi simulizi angependa kuijua. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika mwaka 1981, inakubali wasia wa mdomo endapo ulitolewa mbele ya mashahidi wawili au zaidi na mtoaji akafariki katika muda wa miezi mitatu. Akiishi zaidi ya hapo, maneno yake hayana nguvu. Ni utanzu gani mwingine ambao uhalali wake unategemea msanii kufa kwa wakati? Kuhusu maziko, neno la marehemu lina uzito mdogo zaidi. Kesi ya S. M. Otieno, iliyoendelea hadi Mei 1987, ilisikiliza ushahidi mwingi juu ya mahali alikotaka kuzikwa, na mwishowe matakwa hayo hayakushinda mila ya ukoo.

Nyeri ina wasia mbili zilizoandikwa zinazojulikana duniani, na watunzi wao hawangeweza kukaa meza moja. Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa maskauti, alifia Nyeri tarehe 8 Januari 1941, akaacha miongoni mwa karatasi zake ujumbe wa kuwaaga skauti, ulioandaliwa usomwe baada ya kifo chake. Dedan Kimathi, mzaliwa wa Nyeri aliyehukumiwa huko huko mwaka 1956, aliandika barua mkesha wa kunyongwa kwake Kamiti, Februari 1957, kwa padri wa misheni ya Kikatoliki ya Nyeri, na miongoni mwa aliyoyaomba ni mwanawe kusomeshwa. Mmoja ni jenerali wa dola, mwingine ni jemadari aliyepigana na dola hiyo. Wote wawili walijua. Kimathi alijua hata siku.

Nyumba ya uongo

Mgonjwa wa saratani katika kijiji cha Tetu au Mathira mara nyingi hajaambiwa. Jina lenyewe la ugonjwa ni la kukopa. Saratani kwa Kiarabu ni kaa, kama ilivyo kansa kwa Kilatini, naye kaa huyo hutajwa kwa kunong'ona. Jamaa wanaambiwa na daktari ukumbini. Mgonjwa anaambiwa ana vidonda vya tumbo. Tangu hapo nyumba inageuka jukwaa. Wana wanaingia chumbani wakiwa wameshafuta machozi, majirani wanaonywa mlangoni, mjukuu anatumwa dukani ili asiropoke. Mgonjwa naye, ambaye ameona mwili wake ukikonda na ambaye umio wake umekataa hata uji, anajua. Hasemi, kwa sababu anawahurumia watoto. Kinaya cha hali hii kina tabaka mbili: kila upande unamficha mwenziwe jambo ambalo pande zote zinalijua.

Leo Tolstoy aliijenga riwaya fupi nzima juu ya kinaya hiki, Kifo cha Ivan Ilyich (1886), ambamo kinachomtesa mgonjwa kuliko maradhi ni uongo wa waliomzunguka, na ambamo mtumishi Gerasim peke yake hadanganyi, naye ndiye anayebeba choo cha mgonjwa na kuiinua miguu yake apate nafuu. Lakini haifai kuihukumu familia ya Nyeri kwa kipimo cha Tolstoy. Jamaa za Ivan Ilyich wanadanganya kwa ubinafsi. Familia inayosema "msimwambie" ina sababu nyingine, nayo ina mizizi katika imani ile ile iliyozaa kirumi: kwamba neno hutenda linachokisema. Kumtajia mtu kifo chake ni kumwita kifo. Kwa hiyo ukimya wa jamaa na kiapo cha mzee ni watoto wa mama mmoja. Tofauti ni kwamba mzee wa zamani aliyekuwa na haki ya kulitumia neno hilo alikuwa mgonjwa mwenyewe; siku hizi jamaa wamemnyang'anya, kwa mapenzi.

Hapa ndipo hospisi inapoingia, nayo inastahili kutazamwa kwa jicho la kifasihi kwa sababu tangu chimbuko lake imehusika na maneno. Mwaka 1948 alifariki London mgonjwa mmoja aliyeitwa David Tasma, Myahudi kutoka Poland aliyekuwa mhudumu wa hoteli. Alimwachia Cicely Saunders pauni 500, ziwe dirisha katika nyumba ambayo Saunders aliazimia kuijenga. Nyumba hiyo, St Christopher's, ilifunguliwa mwaka 1967. Hospisi ya kisasa, basi, ilianza kwa wasia. Saunders alikuwa na mazoea ya kusikiliza na kuandika yale ambayo wagonjwa walimsimulia, na dhana yake ya maumivu kamili, yaani ya mwili, akili, jamii na roho kwa pamoja, ilitokana na masimulizi hayo. Barani Afrika kazi hii ilianzia Zimbabwe mwaka 1979. Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990, Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na miji ya Mlima Kenya, Nyeri, Meru na Embu ikiwemo, ikapata hospisi zake baadaye.

Kwa desturi ya hospisi za Kenya, kazi kubwa si ya vitanda. Muuguzi anakwenda nyumbani. Anavuka shamba la chai au kahawa, anaketi kwenye kigoda karibu na kitanda, na kabla ya kueleza lolote anauliza: "Mzee, umeambiwa nini juu ya ugonjwa wako?" Swali hili ni la kitaalamu, limo katika mafunzo ya wauguzi hao, lakini kazi yake ni ile ya "Paukwa" katika ngano. Linamkabidhi mgonjwa usimulizi. Anaweza kuitikia au kukataa. Akijibu kwamba ameambiwa ni vidonda vya tumbo lakini yeye haamini, ukuta wa uongo umepata ufa, na aliyeupasua si muuguzi. Familia iliyoomba asiambiwe haikuvunjiwa ahadi, mgonjwa amejiambia. Ni mbinu ya mazungumzo ambayo mtunzi wa tamthilia angeweza kuionea wivu.

Swali hilo lisingefaa kitu kama mgonjwa angekuwa anapiga mayowe. Mofini ya maji hunywewa kila baada ya saa nne, na dozi ya kulalia huongezwa ili mgonjwa asiamshwe usiku wa manane. Dawa hii imeandamwa na hofu. Sheria ya Kenya ya mwaka 1994 ya kudhibiti dawa za kulevya inaiweka katika kundi moja na mihadarati. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2010 ilieleza jinsi ilivyokuwa adimu katika hospitali za umma. Na watu wengine huiita dawa ya kufa, kwa kuwa wanaowaona wakiitumia hatimaye hufa. Ikitolewa ipasavyo hufanya kinyume: humrudishia mgonjwa akili yake kutoka kwa maumivu. Maneno yanarudi.

Anayesimulia

Masimulizi ya jamaa waliomwuguza mgonjwa kwa msaada wa hospisi yana umbo ambalo halifanani na lile la kijitabu. Wakati wake haupimwi kwa miaka wala kwa vyeo, bali kwa saa ya dawa: alfajiri, asubuhi, adhuhuri, alasiri, usiku. Takriri ndiyo nguzo yake. Matukio makubwa ni madogo: siku aliyokunywa nusu kikombe cha uji, siku aliyoomba kutolewa nje aone mlima kabla ya mawingu kuufunika, siku aliyotaja jina la ndugu aliyekosana naye tangu kugawanywa kwa shamba. Kilele hakiko penye kifo. Mara nyingi kiko juma moja au mawili kabla, pale mgonjwa aliposema alilotaka kusema, na yanayofuata husimuliwa kwa sauti ya chini.

Lugha nayo hugawanyika. Nanyuki, ambako Wagikuyu, Wameru, Wasamburu, Waturkana na Wasomali wamechanganyika, muuguzi na jamaa hukutana katika Kiswahili. Ndani ya nyumba kuna lugha ya mama. Kwenye kadi ya mgonjwa kuna Kiingereza. Ugonjwa husemwa kwa lugha moja na baraka hutolewa kwa nyingine. Kiswahili kimepewa hapa kazi ambayo washairi wa Lamu hawakuiwazia, kazi ya mkalimani kati ya daktari na kirumi. Istilahi inayotumika Tanzania kwa huduma hii ni tiba shufaa, na msomaji wa tenzi za kidini analijua neno shufaa kwa maana ya uombezi: kusimama mbele ya mwenye enzi kwa ajili ya mtu asiyeweza kujisemea. Linakaribiana kwa sauti na shifaa, uponyaji, na yumkini wengi huyachanganya. Kama ni mchanganyo, ni wa heri, kwa sababu mgonjwa huyu haponyeki, na anachokihitaji ni mtu wa kusimama upande wake.

Suala lenye utata zaidi ni la msimulizi. Anayesoma wasifu makaburini kwa kawaida ni mwana wa kwanza, au mwenyekiti wa kamati ya mazishi, au mtu wa ukoo mwenye sauti nzuri na suti. Aliyepima mofini kwa kijiko ni binti au mkaza mwana, naye siku hiyo yuko jikoni. Kijitabu kinasema "kuugua kwa muda mrefu" kwa sababu aliyekiandika hakuwepo kwa muda huo mrefu. Hana cha kusimulia. Hili si jambo la adabu tu. Mashahidi wawili wa wasia wa mdomo mbele ya sheria ni wale waliokuwepo, na ambapo ardhi imebaki ekari mbili kwa wana sita, ushahidi wa mkaza mwana juu ya alichokisema mzee saa kumi alfajiri hukutana na swali moja: wewe ni nani katika nyumba hii?

Huenda ikapingwa kwamba haya ni maarifa ya sosholojia, si ya fasihi. Pingamizi hilo lingekuwa na nguvu zaidi kama riwaya ingekuwa imeshaifanya kazi hii. Meja Mwangi, aliyezaliwa Nanyuki mwaka 1948, aliikaribia katika The Last Plague (2000), riwaya ya mji mdogo unaoteketezwa na UKIMWI, ambamo Broker, mume aliyemtelekeza Janet, anarudi akiwa na virusi, na mke aliyetelekezwa anapaswa kuamua la kumfanyia. Kejeli ya Mwangi ni kali na inafaa, lakini inamwezesha pia kuruka: mji unakufa kwa wingi, na kitanda kimoja hakipati sura yake. Kwa upande wa Kiswahili, Ua la Faraja (2004) ya William Mkufya iliupa ugonjwa huo huo nafasi pana ya kifikra. Saratani, ambayo haina kashfa ya mapenzi wala fundisho la haraka, bado inasubiri mwandishi.

Wangari Maathai, binti wa Ihithe, Nyeri, alifariki Nairobi tarehe 25 Septemba 2011, na tangazo la kifo chake liliitaja saratani kwa jina, jambo ambalo vijitabu vingi vya mazishi vya nyumbani kwao bado havithubutu. Alikuwa ameacha neno kwamba usikatwe mti kwa ajili ya jeneza lake. Likatengenezwa la magugumaji, mafunjo na mwanzi, kisha mwili ukachomwa. Wasia huo ulitekelezwa mbele ya taifa zima, katika jamii ambayo haikuzoea kuchoma maiti. Mtu mashuhuri hutiiwa. Wasia wa wasio mashuhuri umo katika vijitabu ambavyo hakuna maktaba ya chuo inayoonekana kuvithamini kama matini, na zaidi ya hapo umo vinywani mwa mabinti. Idara ambazo zimewatuma wanafunzi wao miaka nenda miaka rudi kukusanya nyimbo za tohara na mafumbo zingeweza kuwatuma Mathira na Tetu kwa kazi hii, mradi swali la idhini litatuliwe kwanza, kwa kuwa mwenye matini hatakuwepo kuidhinisha nakala ya mwisho.

Utendi wa Mwana Kupona una beti zaidi ya mia, na hakuna hata ubeti mmoja wenye sauti ya binti. Aliitwa, akaketi, akaleta wino na karatasi. Alichokiona katika mwaka ule wa maradhi, nani alimgeuza mama kitandani, mama alikula nini, alilia lini, hakikuandikwa.